Taa ya Upepo wa Tairi: Pima Kwanza, Kitufe Baadaye

Taa yenyewe ni ya njano, ina umbo la sufuria iliyokatwa katikati, chini ina vimeno, na ndani imewekwa alama ya mshangao. Wengi wetu tunaoagiza magari yaliyotumika huiona siku ile ile tunapokabidhiwa ufunguo, na swali linalotutoka ni moja: inazimwaje?

Nami niliuliza hivyo hivyo. Gari langu lilitoka Uingereza, na kabla halijamaliza miezi miwili Dar es Salaam, taa ikawaka. Nikapita kwa fundi. Akainama, akapapasa chini ya dashibodi upande wa usukani, akakishikilia kitufe kilichoandikwa SET. Taa ikapepesa, mlio ukasikika, ikazimika. Kazi ya nusu dakika. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka. Miezi minne baadaye, naosha gari mwenyewe Jumamosi asubuhi, nikapitisha kidole juu ya tairi la mbele kushoto. Kashata za katikati, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, zilikuwa zimesimama vizuri, lakini za pembeni, ndani na nje, zilikuwa zimelainika kama kisigino cha ndala kuukuu. Nikatafuta geji. Upepo ulikuwa psi 21, kipimo cha msukumo wa upepo kinachosomwa na geji zetu. La kulia 22. Stika ya mlangoni inataka 33. Muda wote huo taa haikuwaka, kwa sababu siku ile gari liliambiwa kwamba upepo uliokuwemo ndio unaotakiwa, nalo likakariri.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, shika hili: kitufe hakijazi upepo. Kinaliambia gari lichukue hali iliyopo sasa kama kipimo cha siku zijazo. Ukikibonyeza tairi likiwa pungufu, umemnyamazisha mlinzi na mlango umeuacha wazi.

Gari lako linapimaje?

Ziko njia mbili, na dalili zake hazifanani, kwa hiyo lazima ujue uko upande gani.

Njia ya kwanza ni ya sensa ndani ya kila tairi. Sensa ni kijisanduku kidogo kuliko kiberiti, kimefungwa kwenye rimu, kwenye mzizi wa valvu, pale unapojazia upepo. Ina betri yake na redio yake ndogo, inapima upepo na kutuma taarifa kwa kompyuta ya gari. Kama dashibodi yako inaonyesha namba ya kila tairi, uko huku. Dalili nyingine ni valvu ya chuma iliyokazwa kwa nati, ingawa ziko sensa zinazotumia valvu za mpira, kwa hiyo usihukumu kwa valvu peke yake.

Njia ya pili haina kitu chochote ndani ya tairi. Gari linatumia sensa za breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki, kuhesabu mizunguko ya kila gurudumu. Tairi lililopungua upepo linakaa chini kidogo, kimo chake kinapungua, kwa hiyo linazunguka haraka kuliko wenzake. Kompyuta ikiona tofauti hiyo inawasha taa. Njia hii ni ya bei nafuu na haina betri ya kufa, lakini ina upofu wake: haijui upepo ni kiasi gani, na matairi yote manne yakipungua polepole kwa pamoja, hugundua kwa shida.

Na wengine hamna kabisa. Marekani ilianza kudai mfumo huu kwa sheria ya mwaka 2000, baada ya ajali za Ford Explorer zilizokuwa na matairi ya Firestone kuua watu zaidi ya 200, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa kule lilitakiwa kuwa nao. Ulaya ikafuata: Novemba 2012 kwa aina mpya za magari, Novemba 2014 kwa kila gari jipya. Japani haikuweka sharti hilo. Ndiyo maana gari dogo la kawaida lililotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi halina taa hiyo, wakati ndugu yake aliyepitia Uingereza anayo. Kujua unao au hauna, washa swichi bila kuwasha injini. Taa zote za onyo huwaka kwa sekunde chache, na hii iwemo. Ukiona haiwaki hata hapo, ama mfumo haupo, ama mtu ameiziba. Nimefungua dashibodi ya gari la jamaa yangu nikakuta kipande cha utepe mweusi kimebandikwa kwa ustadi juu ya taa hiyo tu. Ukienda kununua gari, angalia sekunde hizo za kwanza kwa makini.

Taa imewaka na imetulia, haipepesi

Hii maana yake ni upepo. Sheria ya Marekani inataka taa iwake tairi linapokuwa chini ya kiwango kwa asilimia 25, Ulaya asilimia 20. Piga hesabu: kama gari linataka 33, taa inaweza isiwake mpaka ufike 26 au 25. Yaani ikiwaka, tayari umechelewa, na isipowaka haina maana kwamba uko salama.

Ikiwaka ukiwa kasi barabarani, usifunge breki kwa ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, tafuta mahali tambarare nje ya barabara. Shuka, zunguka gari, angalia lililokaa chini. Kama yote yanaonekana sawa kwa macho, sogeza mgongo wa kiganja karibu na ubavu wa kila tairi. Lenye upepo mdogo linajikunja zaidi kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakolipasha moto kuliko wenzake. Joto hilo ndilo linalopasua tairi. Tairi lililokaa chini kabisa usiliendeshe hata mita mia mbili ukidhani utafika kwa fundi pancha. Ubavu unakatika kwa ndani, na ukija kuzibwa msumari unabaki na tairi ambalo nje zima, ndani limekufa.

Kama hali si ya dharura, pima. Na hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Upepo unapimwa tairi likiwa baridi, yaani gari limelala usiku kucha au limesimama kwa muda wa saa tatu hivi. Tairi lililotoka barabarani linaweza kusoma psi 3 hadi 5 zaidi, na mtu akilipunguza kwa sababu geji imesema mengi, kesho asubuhi liko chini.

Namba ya kufuata iko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Ile kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo ambacho tairi linaweza kubeba. Haielezi gari lako linataka nini. Stika za Japani huandika kwa kPa, kipimo kingine cha upepo, na watu wengi hukwama hapo. Gawa kwa 6.9: 220 ni 32 za geji yetu, 230 ni 33, 240 ni 35, 250 ni 36. Angalia pia kama mbele na nyuma ni tofauti, na kama kuna mstari wa gari lililojaa abiria na mizigo. Geji za vituo vya mafuta zimeanguka chini mara nyingi mno kuaminika. Nunua yako ndogo, itumie hiyo hiyo kila siku.

Jaza yote manne. Gari la sensa linaweza kuzima taa lenyewe baada ya kutembea dakika chache, maana sensa nyingi husinzia gari likisimama na huamka likifika mwendo wa kilomita 25 au 30 kwa saa. Usione taa bado inawaka pale pale kwenye kompresa ukaanza kubonyeza vitu. Tembea kwanza.

Inawaka alfajiri, saa nne imezima

Ukiishi Njombe, Mafinga, Limuru au Kabale utaijua hii, hasa Juni na Julai. Hewa ikipoa inasinyaa. Kila nyuzi 10 za joto zikishuka, tairi la gari dogo hupoteza kama psi 1.5 hadi 2. Tairi lililojazwa 33 jioni likiwa na moto wa safari, asubuhi ya baridi kali linaweza kuamkia 28. Likiwa lilikuwa pungufu kidogo tangu awali, taa inawaka, kisha ukitembea linapata joto, taa inazima. Watu husema sensa mbovu. Hapana, sensa imesema kweli mara zote mbili. Jaza asubuhi ile ile, kabla ya kutoka nyumbani, kufuata stika.

Wanaoshuka kutoka Nairobi kwenda Mombasa huniuliza kama mwinuko unaharibu vipimo. Hewa ya Pwani inakandamiza zaidi kuliko ya mlimani, kwa hiyo geji yako itasoma pungufu kwa kama psi 2.5. Lakini joto la Pwani nalo linapandisha na kufidia sehemu ya upungufu huo. Lala, pima asubuhi ukiwa huko huko, usahihishe kama iko haja.

Umejaza, baada ya siku chache inarudi

Tairi hilo linavuja polepole, na taa inakufanyia kazi yake. Tengeneza maji ya sabuni ya unga yenye povu zito, uyapake kwa mpangilio, usikimbilie kashata peke yake. Anza na mdomo wa valvu: kiputo kikijijenga hapo, kile kisindano cha ndani kimelegea au mpira wake umekufa, ni kitu cha kukaza au kubadilisha kwa dakika moja. Kisha mzizi wa valvu, inapoingia kwenye rimu. Magari ya sensa yana mpira mdogo hapo unaozeeka, na fundi akibadilisha tairi bila kuubadilisha, unaanza kuvujia hapo. Kisha ukingo wote wa rimu pande mbili. Rimu za aluminiamu zilizokaa miaka mingi kwenye barabara za chumvi za Ulaya, au hapa kwetu kando ya bahari, huota unga mweupe kwenye ukingo, na tairi halishiki vizuri. Dawa yake ni kulivua tairi, kusugua ukingo na kulirudisha. Mwisho kabisa kashata, ukitafuta msumari au pancha ya zamani iliyolegea.

Nikiwa bado kwenye valvu: zile kofia za chuma za urembo zinazouzwa barabarani, usizifunge kwenye valvu ya sensa. Metali mbili tofauti zikikutana na hewa ya chumvi zinalana. Siku ukitaka kujaza upepo kofia haifunguki, ukilazimisha kwa koleo valvu inakatika, na valvu ikikatika umepoteza sensa nzima. Kofia ya plastiki inatosha.

Inapepesa kama dakika moja kila ukiwasha gari, kisha inatulia ikiwaka

Hii ni lugha tofauti kabisa. Kupepesa kwa sekunde 60 hadi 90 kisha kutulia ni gari linakwambia: siwezi kupima, mfumo una hitilafu. Upepo unaweza kuwa sawa au usiwe sawa, gari halijui. Kitufe cha SET hakitakusaidia hapa, hata ukikishikilia mpaka kidole kiume.

Sababu inayoongoza kwa magari yetu ni betri ya sensa. Imefungiwa ndani kwa gundi, haibadilishwi, na huishi kati ya miaka 5 na 10. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Tanzania tunaingiza hata ya zamani zaidi. Fanya hesabu: gari linafika bandarini sensa zake zikiwa ukingoni au zimeshakufa. Ikifa moja, nyingine tatu ni za umri mmoja nayo. Ukiwa unabadilisha matairi wakati huo na mfuko unaruhusu, badilisha sensa zote nne, maana gharama ya kuvua tairi unailipa mara moja.

Sababu ya pili ni fundi wa matairi asiyejua kuna sensa. Pale kando ya barabara tairi linabanduliwa kwa chuma na nyundo, na chuma kikiingia karibu na valvu, kijisanduku kinapasuka bila mtu kusikia. Simama karibu. Mwonyeshe kwa kidole: "Fundi, hapa chini ya valvu kuna sensa, anzia upande mwingine." Mafundi wengi wakiambiwa wanakuwa waangalifu sana, kosa ni letu tunaokaa kwenye simu. Na zile dawa za maji za kuziba pancha zinazopulizwa kupitia valvu, zinaweza kuziba tundu la sensa. Ukiwa umeitumia kwa dharura, mwambie fundi ili aisafishe akivua tairi.

Sababu ya tatu ni gurudumu lisilo na sensa: umefunga spea, au umenunua rimu nyingine za kupendeza na sensa zikabaki kwenye rimu za zamani. Hapo gari linatafuta mtu ambaye hayupo. Kwa upande mwingine, baadhi ya magari makubwa ya safari yana sensa hadi kwenye spea. Nimeona mtu amepima manne mara tatu, yote sahihi, taa inawaka, kumbe spea iliyolala chini ya buti ina 18.

Ukinunua sensa, iwe Kariakoo ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, masafa ya redio ndiyo ya kuulizia kwanza. Magari ya Marekani na Japani kwa kawaida hutumia megahezi 315, ya Ulaya 433. Sensa inaweza kuingia kwenye rimu vizuri kabisa, ikatuma taarifa usiku na mchana, na gari lisisikie neno. Soma namba iliyoandikwa kwenye sensa ya zamani, uende nayo dukani. Kisha kuna usajili. Kila sensa ina namba yake ya utambulisho. Magari mengi ya Ulaya huitambua mpya yenyewe ukiendesha kwa dakika kadhaa. Toyota nyingi hutaka namba iingizwe kwa kompyuta ya uchunguzi, ile inayochomekwa chini ya dashibodi. Muulize fundi kabla ya kulipa kama ana mashine inayoweza kuandika namba za sensa, maana nyingine zinasoma tu.

Kama pesa ya sensa haipo kwa sasa, hilo linaeleweka. Iache taa ipepese na upime kwa mkono kila wiki. Usikubali kuibandika utepe. Atakayeliendesha gari baada yako anastahili kujua.

Matairi yote yako sawa, taa haizimi

Sasa, na sasa tu, ndiyo zamu ya kitufe. Kuseti upya kunahitajika baada ya kubadilisha matairi au ukubwa wake, baada ya kuyazungusha ya mbele nyuma, na kila ulipobadilisha kiwango cha upepo kwa makusudi. Magari ya njia ya ABS ndiyo yanayodai zaidi, maana tairi jipya na lililochakaa yana kimo tofauti, na gari linaona tofauti hiyo kama upungufu wa upepo.

Matairi yakiwa baridi na yamejazwa kwa stika, kwenye Toyota zenye kitufe, washa swichi bila injini, kishikilie mpaka taa ipepese polepole mara tatu, kisha iache swichi ikiwa imewashwa dakika chache kabla ya kuzima. Kitufe hujificha chini ya dashibodi karibu na magoti ya dereva au ndani ya droo ya abiria. Mazda nyingi hupepesa mara mbili na kutoa mlio mmoja. Volkswagen huwa na kitufe cha SET kwenye droo au karibu na gia, na matoleo mapya yamehamishia kazi hiyo kwenye menyu ya skrini. Honda za njia ya ABS nazo huwa na kitufe au menyu, na baada ya hapo hutaka kama dakika 30 za kuendesha kati ya kilomita 65 na 105 kwa saa ndipo zimalize kujifunza. Foleni ya Mwenge haitoshi. Toka nayo barabara kuu siku ya mapumziko.

Ukishazungusha matairi kwenye gari linaloonyesha namba, usishangae onyo la mbele kulia likimaanisha la nyuma. Baadhi ya magari hayajui kwamba sensa zimehama mpaka yasajiliwe upya. Pima yote.

Tairi liko chini, taa haijawaka

Sababu umeshazikuta juu: kipimo kilichokaririshwa vibaya, taa iliyozibwa, upungufu ambao haujafika kikomo, au mfumo haupo. Kwa asiye nao, ziko sensa za kufunga kwa nje, zinazokaa juu ya valvu badala ya kofia, pamoja na kioo kidogo cha dashibodi chenye sola. Mimi nimemfungia dada yangu anayeendesha Dar hadi Tanga kila mwezi, na zimeshamwonya mara moja kabla ya Segera. Zina uzito, kwa hiyo valvu ndefu za mpira laini huyumba zikiwa kasini na mwishowe hupasuka shinani. Weka valvu fupi au za chuma kwanza. Zifunge zile zinazokuja na nati ya kuzuia wezi. Na kila ukizitoa kujaza upepo, ukishazirudisha, paka maji ya sabuni kwenye maungio usubiri dakika moja nzima, maana mpira wa ndani ukikaa upande, sensa uliyoiweka ikulinde ndiyo itakayokuwa inatoa upepo.